Diski ya Marekani, akaunti ya Uingereza: wapiganaji niliowalipia wako wapi?

*"Shikamoo. Nina PS4 ya mtumba niliyonunua hapa Tanga. Mjomba wangu aliyeko Marekani alinitumia diski ya Dragon Ball FighterZ, ile gemu ya kupigana, nayo inacheza vizuri. Akaunti yangu ya PlayStation niliifungua kwa Uingereza kwa sababu rafiki alisema ndiyo rahisi. Wiki iliyopita nilinunua FighterZ Pass yenye wapiganaji wanane. Pesa imekatwa na kwenye duka la mtandaoni inaonekana nimeshanunua, lakini nikiingia kwenye gemu Broly na Bardock hawapo. Muuza gemu mmoja ameniambia diski za Marekani ni pungufu, nitafute ya Japani ambayo haijakatwa kitu. Mwingine anasema za Ulaya ndizo mbaya, zinakwenda polepole. Mdogo wangu naye ana PS2, kuna mtu anataka kumletea diski za Naruto kutoka Dubai. Nimsikilize nani? Na pesa yangu ndiyo imekwenda?"*

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na pesa, maana najua ndiyo inayokukosesha usingizi. Haijaliwa na mtu. Broly, Bardock na wenzao sita ni wako kweli, wamo kwenye akaunti yako. Ila wananing'inia tu, kwa sababu walitengenezwa kwa ajili ya diski ya Ulaya na wewe una diski ya Marekani. Diski yako ni nzima, PS yako ni nzima, na hukubonyeza kitu chochote kimakosa. Vitu viwili hivyo havijuani tu.

Chukua kasha la diski yako ulitazame ubavuni, pale jina la gemu linaposomeka likiwa limesimama kwenye rafu. Utaona herufi CUSA na namba tano. Hiyo ndiyo namba ya utambulisho wa gemu, na imeandikwa pia ndani ya diski yenyewe, mahali ambapo jicho halifiki. FighterZ ya Marekani ina namba yake na ya Ulaya ina yake, hata kama picha ya juu ni ileile na Goku, shujaa wa Dragon Ball, amekunja ngumi ileile. Kitu cha nyongeza unachonunua dukani, awe mpiganaji, nguo au muziki, hubeba namba ya gemu kilichotengenezewa. Ukifungua gemu, PS huuliza swali moja tu: kuna nyongeza yoyote yenye namba kama ya diski hii? Duka la Uingereza limekuuzia nyongeza za namba ya Ulaya. PS ikatazama, haikuona inayolingana, ikakaa kimya. Haikuletea hata ujumbe wa kosa, na hapo ndipo watu wengi wanapodhani wameibiwa.

Fikiria nyumba mbili zilizojengwa kwa ramani moja, milango ileile, rangi ileile. Ufunguo wa nyumba ya kwanza haufungui ya pili, na kosa si la ufunguo.

Sasa ufanye nini. Kama hujaanza kupakua zile nyongeza na siku 14 hazijapita tangu ununue, omba kurudishiwa pesa leo hii, usisubiri kesho. Sony, wenye PlayStation, hukubali kurudisha kwa masharti hayo mawili. Shida ni kwamba wengi wakishalipa hubonyeza kupakua papo hapo, na nahisi na wewe ulifanya hivyo. Hata hivyo waandikie huduma kwa wateja, waeleze kwamba diski ni ya Marekani na ununuzi ni wa Uingereza, uwape na risiti ya barua pepe. Sikuahidi kwamba watakubali. Nimeona wakikubali na nimeona wakikataa.

Wakikataa, una njia mbili. Unaweza kufungua akaunti nyingine ya Marekani kwenye PS hiyohiyo, ukanunua pasi tena kwa kadi ya Marekani, kisha ukaiweka PS yako kuwa ndiyo kuu ya akaunti hiyo. Ukishafanya hivyo, kila anayetumia PS hiyo atawaona wapiganaji, na wewe utaendelea kucheza kwa akaunti yako ya siku zote. Inafanya kazi vizuri, ila utakuwa umelipa mara mbili. Njia ya pili ni kutafuta diski ya Ulaya, iliyotumika lakini nzima, na hii ya Marekani ukambadilishia mtu mwenye akaunti ya Marekani. Ukiiingiza ya Ulaya tu, wapiganaji wako wanane watajitokeza bila kulipa senti nyingine.

Mimi ningechukua diski ya Ulaya. Akaunti yako ni ya Uingereza na itabaki hivyo, kwa hiyo kila utakachonunua huko mbele kitakwenda na namba za Ulaya. Diski ya mtumba nayo mara nyingi haifiki bei ya pasi. Kuna jambo moja tu litakalokuuma: ulichohifadhi kwenye gemu ya Marekani hakitasomwa na ya Ulaya, maana nacho kimebeba ile namba. Hadithi utaianza upya, na wapiganaji wa kufungua utawafungua upya. Ni jioni chache.

Niseme kidogo kuhusu hizi akaunti, kwa sababu rafiki yako hakukudanganya, alikueleza nusu tu. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi ambazo mtu anaweza kufungulia akaunti ya PlayStation. Afrika Kusini imo, Oman imo, Falme za Kiarabu zimo. Ndiyo maana karibu kila mchezaji wa huku ana akaunti ya nchi asiyoishi. Kwa masharti ya Sony unatakiwa kutaja nchi unayoishi kweli, kwa hiyo likitokea tatizo kubwa huna pa kusimamia imara, na hilo ulijue kabla hujaweka pesa nyingi humo. Usitegemee pia kuja kuibadilisha nchi baadaye: uliyoichagua siku ya kwanza ndiyo unayobaki nayo. Kwa hiyo ichague kwa kuangalia diski zako na kadi zako zinatoka wapi. Mwenye ndugu Muscat wa kumtumia vyote viwili ana sababu nzuri ya kufungua ya Oman. Wewe mwenye mjomba Marekani ungefungua ya Marekani tangu mwanzo, yote haya yasingetokea.

Twende kwa yule muuzaji wa "ya Japani haijakatwa kitu". Maneno hayo nimeyasikia tangu enzi za PS1, na yana chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana hayafi.

Chembe yenyewe ni kama hii. Dragon Ball Z: Hyper Dimension ya Super Nintendo ilitoka Japani mwaka 1996 ikiwa na sehemu ya kucheza hadithi. Ilipofika Ulaya mwaka uliofuata, sehemu hiyo ilikuwa imeondolewa, yamebaki mapambano. Huko kweli Mzungu aliuziwa gemu pungufu.

Lakini tazama kilichotokea miaka michache baadaye. Dragon Ball Z: Budokai ya PS2, iliyotengenezwa na studio ya Dimps huko Japani, ilitoka Ulaya na Marekani mwishoni mwa 2002. Wajapani wenyewe waliipata Februari 2003, ikiitwa Dragon Ball Z basi. Ya tatu ilifika Marekani Novemba 2004, Japani Februari 2005. Sababu ni biashara: wakati ule Dragon Ball ilikuwa moto mkali Marekani kwa sababu ya katuni iliyokuwa ikionyeshwa kwenye televisheni, na haki za kuuza gemu zake huko zilikuwa mikononi mwa Infogrames, ambayo baadaye ilijiita Atari. Mwaka 2012 Budokai ya kwanza na ya tatu ziliunganishwa upya kwa PS3 na Xbox 360, zikauzwa Ulaya na Marekani, na Japani hazikuuzwa kabisa. Tena zilikuja na muziki mwingine, kwa kuwa mwaka 2011 kulizuka kashfa kwamba tungo za mtunzi wa muziki wa awali zilinakili nyimbo za watu. Aliyecheza Budokai 3 utotoni akaja kuifungua hii mpya anashtuka tangu pambano la kwanza: ngumi ni zilezile, masikio yanakataa.

Kwa hiyo ukiniuliza ipi ndiyo kamili, nitakuuliza gemu gani na mwaka gani. Hakuna nchi inayopewa kilicho kamili siku zote. Kinachoamua ni nani ana haki za jina, za sauti na za muziki mahali gani.

Mfano ninaoupenda zaidi wa jambo hili ni JoJo's Bizarre Adventure: All Star Battle, iliyotoka Japani 2013 na nje ya Japani 2014. Mtunzi wa manga hiyo, yaani katuni ya vitabu iliyozaa gemu, ana mazoea ya kuzipa nguvu za wapiganaji wake majina ya bendi na nyimbo za Magharibi. Japani hilo halikuleta kesi. Nje, wenye majina wangeweza kudai. Basi Killer Queen ikawa Deadly Queen, Sticky Fingers ikawa Zipper Man, Crazy Diamond ikawa Shining Diamond. Lakini sauti hazikurekodiwa upya. Kaa mbele ya skrini wakati mpiganaji Bucciarati anaita nguvu yake: sikio linasikia "Sticky Fingers" kwa lafudhi ya Kijapani, jicho linasoma "Zipper Man" chini ya skrini, kwa sekunde ileile. Hakuna ngumi iliyopunguzwa wala mpiganaji aliyefichwa. Ni kalamu ya mwanasheria imepita juu ya maandishi.

Na hiyo FighterZ yako? Ya Marekani na ya Ulaya zilitoka siku moja, Januari 26, 2018, na Japani wakafuata Februari 1. Wapiganaji wa mwanzo ni walewale 24, na sauti za Kiingereza na za Kijapani zote zipo, chagua mwenyewe kwenye mipangilio. Huyo muuzaji akikuuzia diski ya Japani kwa bei ya juu, utakuwa na namba ya tatu isiyolingana na akaunti yako, na mara nyingi maandishi ya diski za huko huwa Kijapani kitupu. Usimpe pesa yako.

Yule wa pili, anayesema za Ulaya ni polepole, yeye simlaumu sana. Alikuwa sahihi, ila miaka ishirini iliyopita. Na hapa inabidi nieleze taratibu, kwa sababu linamgusa mdogo wako moja kwa moja.

Televisheni za zamani zilichora picha kwa mapigo. Marekani na Japani zilitumia mfumo wa NTSC, mapigo 60 kwa sekunde. Ulaya, na sisi tuliorithi mambo ya Uingereza, tulitumia PAL, mapigo 50. Gemu za kupigana hazihesabu kwa sekunde, huhesabu kwa fremu, yaani picha mojamoja zinazopita kwenye skrini. Ngumi inachukua fremu kadhaa kutoka, fremu kadhaa kurudi, na kombo yote, yaani mapigo yanayofuatana bila kukatika, imejengwa juu ya hesabu hiyo. Kwa NTSC fremu moja ni kama milisekunde 16.7. Kwa PAL ni milisekunde 20. Mtengenezaji asiporekebisha kitu, akachukua gemu iliyoandikwa kwa 60 akaitia kwenye 50, kila kilichochukua sekunde moja sasa kinachukua sekunde moja na sehemu mbili za kumi. Saa ya pambano inayohesabu kuanzia 99 inakwisha baada ya karibu sekunde 119. Goku anaruka kama yumo ndani ya maji. Na kwa kuwa PAL ina mistari mingi zaidi ya picha, unaona pia utepe mweusi juu na chini ya skrini, na wapiganaji wamebonyea kidogo, vichwa vipana. Waliocheza kwenye vibanda vya gemu enzi za PS1 waliuona utepe huo kila siku bila kujua ni wa nini.

Wapo watengenezaji waliorekebisha hesabu, na enzi za PS2 gemu kadhaa za Ulaya ziliweka nafasi ya kuchagua 60. Lakini tangu PS3 na nyaya za HDMI, habari hiyo imekwisha. FighterZ ya Ulaya inakwenda fremu 60 kwa sekunde sawasawa na ya Marekani. Ukiiona nzito mtandaoni, hiyo ni intaneti na umbali kati yako na mpinzani, si kasha.

Sasa mdogo wako. PS2, tofauti na PS4, imefungwa yenyewe kwa eneo: isipotiwa chipu ya kulifungua kufuli hilo, haiisomi diski ya eneo jingine. Ukiwa na PS4 au PS5 kufuli hilo la mashine sahau. Hata PS3 ilikuwa huru kwa gemu zake, isipokuwa chache sana kama Persona 4 Arena ya mwaka 2012, gemu ya kupigana pia, ambayo wauzaji waliifunga kwa makusudi kwa sababu ya tofauti ya bei kati ya Japani na Marekani. Wapenzi wa gemu za aina hii walilipigia kelele jambo hilo kwa miezi, na walikuwa na haki.

Mwambie aigeuze PS2 asome kibandiko cha nyuma. Kuna maandishi SCPH na namba. Kwa kawaida ikiishia na 1 ni ya Marekani, na 0 ni ya Japani, na 3 au 4 ni ya Uingereza na Ulaya. Kisha huyo anayetaka kumletea diski ampigie picha za ubavu wa makasha: SLES ni Ulaya, SLUS ni Marekani, SLPS au SLPM ni Japani. Zikilingana na mashine, sawa. Zisipolingana na mashine haina chipu, asinunue hata kwa bei ya kutupa. Dubai ni njia panda, diski za kila upande hukutana huko, na kwa nje zote zinang'aa.

Hata chipu haimalizi yote. Diski ya NTSC kwenye televisheni ya zamani inayojua PAL peke yake hutoa picha isiyo na rangi. Kuna kijana aliniletea PS2 akilia kwamba imekufa rangi. Nikaichomeka, nikamwona Naruto mwenye nywele za kijivu na koti la kijivu, anarusha mpira wa kijivu. Mashine haikuwa na kosa lolote. Tuliihamishia kwenye televisheni nyingine, na rangi ya chungwa ikarudi.

Kwenye Naruto kuna mtego mwingine wa majina. Ultimate Ninja 5 ilitoka Japani Desemba 2007 kwa jina jingine, ikafika Ulaya 2009, na Marekani haikutolewa kabisa. Kwa hiyo mtu akimwonyesha mdogo wako "Ultimate Ninja 5 ya Marekani, orijino", ajue papo hapo ni diski iliyochomwa chumbani kwa mtu. Na ile Clash of Ninja ya GameCube, mashine ya Nintendo, iliyoandikwa European Version si ya kwanza kwenye mfululizo kama jina linavyoashiria, ni ya pili. Akipata diski ya Japani ajiandae pia na vidole: kwenye gemu hizo duara ndilo la kukubali na X ndiyo ya kurudi nyuma. Siku ya kwanza atakuwa anajitoa mwenyewe kwenye kila ukurasa.

Jambo la mwisho, na hili usilifanye kwa kusoma maandishi yangu tu. Ikiwa kibandiko cha PS2 kinaishia na 1 au 0, soma na umeme uliotajwa hapohapo. Ya Marekani mara nyingi huandikwa volti 120, ya Japani 100, na ukutani kwetu ni 230. Kuna watu wameunguza mashine sekunde ile ile ya kuchomeka, moshi ukatoka kabla hata taa nyekundu haijawaka. Mpelekee fundi wa umeme unayemwamini, ana kwa ana, aipime na akupe transfoma ya kushusha inayotosha. Hadi siku hiyo waya wake ukae mbali na soketi.